Kilitime ya Usharika

Mgongo wa Verediana uligoma siku ya Jumanne, saa moja na robo asubuhi, mbele ya genge la nyanya pale Ilomba, bila kutoa notisi. Alikuwa amembeba mjukuu wake Mercy, miaka tisa, kilo ishirini na saba, wakienda kuonana na mwalimu mkuu. Akapiga hatua ya kwanza, akapiga ya pili, ya tatu haikutoka. Akabaki ameinama pale pale kama mtu aliyedondosha sindano, mtoto juu, mkoba shingoni, na watu wakampita wakimwamkia shikamoo kwa kudhani anachagua nyanya.

"Bibi, mbona tumepaki?" Mercy akauliza.

"Nyamaza kwanza. Nasikiliza kiuno."

Dastan wa bodaboda, ambaye alikuwa na pua ya kunusa shida za watu kutoka mtaa wa pili, akasogeza pikipiki. "Mama mkubwa, niwapeleke?"

"Shilingi ngapi mpaka shuleni?"

"Wewe elfu mbili. Huyu sasa..." Akaitazama miguu ya Mercy, myembamba kama mabua, iliyokuwa ikining'inia bila kujali mazungumzo. "Huyu hajishiki vizuri. Itabidi niende polepole, na polepole inakula mafuta. Huyu elfu tano."

"Kwa hiyo asiyetembea analipa kuliko anayetembea?"

"Anayetembea si anatembea, mama? Mimi hanihitaji."

Verediana akafungua mkoba, akalipa. Shuleni, Mwalimu Eveline aliwapokea vizuri, akamkalisha Mercy kwenye kiti chake mwenyewe, akamwambia asome ukuta mzima wa matangazo. Mercy akausoma wote, mpaka na lile lililokataza wazazi kukojoa nyuma ya jiko. Mwalimu akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Mama, kitengo chetu cha watoto wenye ulemavu kina nafasi moja. Muhula unafunguliwa Jumatatu. Bweni hatuna, gari hatuna. Afike hapa kila siku saa moja na nusu, bila kukosa. Akikosa wiki ya kwanza, nampa mwingine. Siyo roho mbaya. Nina watoto kumi na mmoja kwenye orodha, na wote wana bibi zao."

Jioni hiyo kikao cha familia kilifanyika mwenyekiti akiwa amelala kifudifudi kwenye mkeka. Mumewe Gerson Mwakajila alikuwa akimkanda kiuno kwa kitambaa na maji ya moto. Gerson alikuwa amestaafu kiwanda cha karatasi kule Mgololo. Aliendesha folklifti miaka ishirini na tisa, na miaka miwili ya mwisho aliitwa supavaiza, na hiyo miwili ndiyo pekee aliyoikumbuka. Kiinua mgongo chake kilikuwa kimebaki milioni tisa kamili.

"Tununue bajaji," Verediana aliuambia mkeka. "Iliyotumika ni milioni tano. Nne zinabaki za mafuta."

"Bajaji!" Gerson akaacha kukanda. "Mama Tumpe, mimi nimeinua tani mbili za karatasi juu ya kichwa cha mzungu na hakushtuka. Leo niende kanisani nimekaa kwenye bajaji, watu wanipungie mkono niwapeleke Kabwe?"

"Wakikupungia wapeleke, watakulipa. Kanda huko, maji yanapoa."

Hapo simu ikaita. Alikuwa Isaka, rafiki wa Gerson tangu kiwandani, ambaye siku hizi alikuwa mzee wa kanisa kwenye usharika mmoja nje kidogo ya mji wa Iringa. Gerson akaweka sauti ya nje. Isaka akasema usharika umepata gari jipya, na lile la zamani litanadiwa Jumapili hii, sikukuu ya mavuno, baada ya ibada. RAV4, milango mitano, mchungaji ameliendesha kama amebeba mayai.

"Ni Kilitime?" Mercy akadakia.

Isaka akaguna. Nchi nzima inaliita gari hilo Kilitime, na watu husema jina lilitoka kwenye tangazo la bia. "Sisi hapa," Isaka akajibu kwa upole, "tunasema gari dogo la usharika."

"Namba yake inaanza na herufi gani, babu?"

"B."

"Basi liliingia nchini kabla sijazaliwa," Mercy akasema. Mtoto huyu alishinda barazani akitazama barabara kuu, siku nzima, kila siku, na hakuna gari lililopita Ilomba ambalo hakulijua ukoo wake. "Lakini ni zuri, bibi. Siti yake ya mbele ni ndefu mgongoni. Na mlima wa shule litapanda. Bajaji pale zinapanda kama zinaomba msamaha."

Verediana akazihesabu milioni tisa kwa vidole juu ya mkeka. Kisha akageuza kichwa.

"Tutaenda kuliangalia. Kuliangalia, nimesema. Likiwa baya tunarudi na hela zetu. Likiwa zuri, mwisho ni milioni tisa, haiongezwi hata ya soda. Na bei nitataja mimi. Wewe, Baba Tumpe, usifungue mdomo."

Gerson hakubisha, maana aliijua sababu.

Makanisani huko, mtu asiye na fedha hutoa alichonacho: kuku, boga, mayai, mkungu wa ndizi. Ibada ikiisha, vitu hunadiwa nje, na fedha zinaingia kanisani. Sasa, mtu mwenye moyo akishanunua anaweza kusema, "Nakirudisha mnadani." Analipa, anaacha, kitu kinanadiwa upya, na akina mama wanampigia vigelegele. Gerson alikuwa bingwa wa kurudisha katika mkoa mzima wa Mbeya. Vigelegele vilimlevya. Kuna jogoo mmoja mwaka fulani alirudishwa na Gerson mara saba Jumapili moja, mpaka jogoo akazoea, akawa akisikia tu "mara ya tatu" anageuka na kurudi mezani mwenyewe. Ndani ya miaka thelathini na minne ya ndoa, Verediana hajawahi kula nyama ya mnadani.

"Nimeelewa," Gerson alisema.

"Hujaelewa. Lakini umesikia."

Jumamosi walipanda basi kwenda Iringa. Milioni tisa zilishonwa ndani ya mto, na Mercy akaukalia, kwa sababu Verediana aliamini hakuna kibaka duniani atakayewaza kumpapasa mtoto yule matako. Safari nzima Mercy alilalamika kwamba noti za elfu kumi zina kona.

Iringa ya Julai ina baridi, lakini ya mwaka ule ilizidi. Ulikuwa ukimwambia mtu "kamwene" alfajiri, salamu inaganda katikati, anakuja kuipokea saa nne jua likishachomoza. Walilala kwa Isaka, na Jumapili asubuhi kabla ya kengele ya kwanza wakaenda kuliona gari.

Lilikuwa limeegeshwa mbele ya kanisa, rangi ya fedha, limevishwa kitambaa cheupe kwenye boneti kama bwana harusi. Katibu wa usharika alisimama kando na daftari. Verediana akamshusha Mercy kwenye benchi, akakunja vitenge, akaanza kazi. Alilizunguka mara tatu. Akapiga teke kila tairi. Akainama, akachungulia chini, akapanguza kwa kidole, akanusa kidole.

"Mama," katibu akasema, "hii ni mali ya Bwana. Sadaka huwa haikaguliwi."

"Kuku wa sadaka nampuliza manyoya nione nyama. Hili nitaacha kulipuliza kwa nini? Washa."

Likawashwa. Likakohoa mara moja, likatulia. Verediana akamtazama Mercy, na Mercy, macho amefumba, akasikiliza kama daktari. "Mkanda unalia kidogo. Injini haina neno."

Mlango wa nyuma kushoto ulifunguka kutoka ndani tu. Ndani palinuka kuku, vitunguu na mahindi mabichi, harufu ya sadaka za miaka kumi na tatu. Verediana aliyahesabu yote hayo moyoni, na moyo ukaanza kusema bajaji. Kisha akamnyanyua Mercy, akamweka siti ya mbele, akamfunga mkanda, akabaki amemshika bega, maana mtoto yule kila alipokalishwa mahali aliegemea upande kama gunia lililojazwa nusu.

"Bibi, niachie."

"Nikikuachia utaanguka."

"Niachie, nione."

Verediana akatoa mkono. Mercy akayumba kidogo, siti ikampokea huku, mkanda ukamzuia kule, akatulia. Akatazama mbele kupitia kioo, mikono juu ya mapaja, kama mkuu wa wilaya.

"Umeniachia kweli?"

"Mikono yangu hii hapa."

Mtoto akaunyoosha mkanda wake kifuani. Verediana akafunga mlango taratibu, akaenda nyuma ya gari, akasimama huko mpaka macho yakakauka kwa baridi. Alikuwa ameshaamua. Wangelinunua.

Ibada ilikuwa ndefu, kwaya tatu na mahubiri mawili. Saa saba watu wakamwagika nje, mia tatu au zaidi, wakazunguka meza ya mnada. Mnadishaji alikuwa Isaka mwenyewe, na kipaza sauti chenye waya mrefu. Maboga yakaenda, kuku wakaenda, na Gerson aliwatazama kuku wakienda kama mlevi anayepitishwa mbele ya kilabu. Lakini alikaa kimya. Kisha likaja gari.

"Tunaanza na milioni tano!"

Verediana akanyoosha mkono. Ilipofika saba, washindani wengine wakakaa chini, akabaki yeye na Adrian, mfanyabiashara wa mchele mwenye malori matatu, mzaliwa wa pale aliyetajirikia Chimala. Adrian alikuwa na koti la ngozi na mgeni wake, mfugaji mmoja wa tambarare za Usangu aitwaye Ngolo, mzee mrefu mwenye fimbo, aliyekuja tu kusindikiza.

"Nane," Adrian akasema huku akijichokonoa meno.

"Nane na laki mbili," Verediana akajibu.

"Na laki nne."

"Bibi," Mercy akanong'ona, "mkojo."

"Subiri."

"Ulishaniambia subiri kwenye mahubiri. Ya kwanza."

Verediana alimtazama mtoto usoni, akajua hakuna dakika mbili. Akamgeukia mumewe, akamshika kola ya koti. "Useme namba. Namba tu. Mwisho tisa. Umesikia, Baba Tumpe?"

"Namba tu," Gerson akasema kama askari.

Choo kilikuwa nyuma ya kanisa, ngazi nne kwenda juu, sijui fundi aliyekijenga alimtaka nani apande ngazi akiwa amebanwa. Verediana alipanda na Mercy mgongoni, mto umefungwa kwa khanga kiunoni mwa mtoto, kiuno chake mwenyewe kikilia kama mlango. Akamshikilia mtoto juu ya tundu. Sauti ya Isaka ikapenya ukuta.

"Nane na laki sita, Baba Mwakajila wa Mbeya! Bwana Adrian? Hapana? Mara ya kwanza! Mara ya pili!"

Bibi na mjukuu wakaacha kupumua.

"Mara ya tatu! Limekwenda Mbeya!"

Mercy akapiga makofi hapo hapo alipo, nusura waanguke wote wawili. Verediana akacheka kwa sauti, na choo kikaitikia.

"Haya, baba," sauti ya Isaka ikasema, "una neno kwa washarika?"

"Asiwe na neno," Verediana akanong'ona. "Mungu wangu, asiwe na neno."

"Bwana asifiwe!" Ilikuwa sauti ya Gerson.

"Amina!"

"Bwana asifiwe tena! Wapendwa, mimi ni mstaafu tu. Nilikotolewa ni mbali." Kwaya ikaanza kuvumisha chinichini, na sauti ya Gerson ikaumuka juu yake kama mkate. "Nikiangalia alivyonitendea, mimi ni nani? Kwa hiyo, kwa moyo mkunjufu kabisa, nali..."

Waliokuwepo wanasema hapo alitoa macho, akajipiga kofi la mdomo. Lakini neno lilikuwa limeshatangulia na mdomo haukuwa na breki.

"...rudisha mnadani."

Vigelegele vilivyofuata vilisikika mpaka Mafinga, na watu wa Mafinga wakaitikia bila kujua sababu.

"Bibi," Mercy akauliza, "babu amesema nini?"

Walipotokea upande wa mbele, akina mama walikuwa wameshamvika Gerson kitenge shingoni. Alimwona mkewe akija. Akamtazama kama mtu ambaye nyumba yake inaungua na majirani wanamsifu kwa moto mzuri.

"Mama Tumpe," akaanza.

"Usiongee. Umeshaongea."

Katibu akasogea na kitabu cha stakabadhi, macho yamelowa. Tangu usharika uanze, akasema, haijawahi kutolewa sadaka kama hii. Verediana alisimama pale, na watu mia tatu wakamsubiri. Angeweza kusema mume wangu amepotewa na akili. Angesema hivyo, wangemwelewa, na Gerson asingeingia kanisa lolote mpaka siku ya jeneza lake. Akamtazama yule mzee na kitenge chake shingoni. Akafungua khanga.

Wazee wawili wa kanisa walimnyanyua Mercy hewani, mmoja kwapa hili, mwingine kwapa lile, ili mto utoke. Katibu akaupasua kwa kisu cha maboga. Akahesabu noti moja moja, akilowesha kidole kwa mate, na Mercy akining'inia mbele ya umma miguu ikicheza na upepo.

"Wazee wangu, hesabuni haraka," akasema. "Nina baridi, na nyie mnanukia kuku."

Stakabadhi iliandikwa: sadaka ya shukrani, milioni nane na laki sita. Zilibaki laki nne.

Mnada ukaanza upya. Adrian alitabasamu, maana sasa hakuwa na mpinzani. Akalipata kwa milioni sita, akapokea kipaza sauti kushukuru. Hapo ndipo alipoona. Kigelegele huanzia mapafuni, na mapafu mia tatu yalikuwa yameshajaa, yanangoja. Adrian akawatazama. Akamtazama mstaafu wa Ilomba mwenye kitenge shingoni. Akayafikiria malori yake matatu.

"Na mimi," akasema kama mtu anayeng'olewa jino, "nalirudisha."

Mzee Ngolo alimvuta mkono mwenyeji wake. "Mnalipa, halafu mnaacha?"

"Ndiyo, mzee."

"Na kinauzwa tena?"

"Ndiyo."

"Basi mimi nina akili, nitalichukua." Akanyoosha fimbo. "Ng'ombe watano!"

Isaka akashauriana na katibu, ng'ombe wakakubaliwa. Ngolo akapewa kipaza sauti, akakishika mbali kama nyoka. Mapafu yakajaa. Mzee akayaona.

"Nikilichukua, mtaniitaje?" akauliza.

"Hatutakuita chochote, ndugu yetu," Isaka akajibu kwa ukweli wa mzee wa kanisa. "Tutakuangalia tu."

Ngolo akaangaliwa. Alikuwa amelala porini na fisi akivizia ndama wake, lakini kuangaliwa kwa namna ile hakuwahi. Akavumilia kidogo, jasho likamtoka kwenye baridi ile. "Lirudisheni," akasema. "Rudini nalo huko."

Umoja wa wanawake wakalinunua kwa milioni moja na nusu, kwa nia safi kabisa ya kuendea misibani, na mwenyekiti na mweka hazina wakagombana mbele ya kipaza sauti, mmoja akisema tulichukue, mwingine akisema watu watatusema nini Jumapili ijayo. Wakalirudisha, wakanuniana.

Kufikia saa tisa, gari lilikuwa limeingiza zaidi ya milioni kumi na sita na ng'ombe watano, na lilikuwa bado pale pale. Mchungaji aliyekuwa analia kwa furaha alianza kulitazama vibaya. Watu walikuwa wameelewa sasa: atakayenunua atalipa na kuondoka kwa miguu. Mikono yote ikaingia mifukoni. Akina mama wakaficha yao chini ya vitenge, wasije wakajikuna ikahesabiwa.

"Laki nane!" Isaka akalia. "Laki saba? Jamani, lina matairi manne! Laki tano?"

Mbwa wa kanisa akapiga miayo.

"Laki nne," sauti ikasema.

Verediana alikuwa amesogea mpaka mezani, Mercy mgongoni. Adrian akatoa mkono mfukoni, na Ngolo akaushika mkono ule, akaurudisha mfukoni. "Mara ya kwanza," Isaka akasema. "Mara ya pili. Mara ya tatu!" Akamkabidhi kipaza sauti huku akitabasamu, maana aliijua familia hii kwa ukarimu. Mwalimu wa kwaya akainua mkono. Mapafu yakajaa mpaka vifungo vikalalamika.

"Bwana asifiwe," Verediana akasema.

"Amina!"

"Sirudishi."

Mkono wa mwalimu wa kwaya ukabaki hewani. Mama mmoja nyuma, aliyekuwa ameshaanza kigelegele, alikimeza kikamkaba, ikabidi apewe maji. Mchungaji akasogea taratibu, uso wa huruma.

"Mama yetu, wewe ni mgeni. Labda utaratibu wetu hujauelewa."

"Nimeuelewa, mchungaji. Umenigharimu milioni nane na laki sita kuuelewa." Akaweka laki nne mezani. "Naomba ufunguo na kadi."

Hakuna aliyempisha wala aliyemzuia. Alipita katikati yao na wakawa wanatazama viatu vyao. Mtu akasema, si kwa sauti ndogo sana, kwamba Wanyakyusa ndivyo walivyo, na mwenzake akamwambia mama huyu kwao ni Mbena wa Njombe, na wa kwanza akasema, basi ndiyo maana. Verediana akafungua mlango wa mbele, akamkalisha Mercy, akamfunga mkanda, yeye akakaa nyuma. Gerson akaingia nyuma ya usukani na kitenge chake bado shingoni.

Mchungaji akafunga mnada kwa sala. Aliombea mvua, akaombea wagonjwa, kisha akaombea kwa kirefu wale wote ambao mioyo yao ni migumu, Bwana azilainishe nafsi zao, awafundishe kutoa. Kabla usharika haujaitikia, kutoka dirishani mwa gari la rangi ya fedha ikatoka "Amina" moja kubwa ya Verediana iliyowatangulia wote.

Gerson akawasha. Mshale wa mafuta ukanyanyuka kidogo, ukaona kazi iliyo mbele, ukalala.

"Tuna shilingi ngapi?" akauliza.

"Elfu ishirini na tatu."

"Mbeya hatufiki, Mama Tumpe. Hata Mafinga kwa kuomba."

Verediana akashuka. Akasimama kwenye geti la kanisa, palepale watu walipokuwa wakitokea, akaweka mikono mdomoni. "Mafinga, Makambako, Chimala, Mbeya! Siti tatu!"

Gerson akainamisha kichwa kwenye usukani. Supavaiza mzima.

Wa kwanza alikuwa mweka hazina wa umoja wa wanawake, kwao Makambako. Alipita kama haoni, akaenda hatua kumi, akaitazama barabara isiyo na basi Jumapili jioni, akarudi. "Wewe mama ni mchoyo sana," akasema huku akishika mlango. "Makambako shilingi ngapi?"

"Elfu kumi na mbili. Huo mlango unafunguliwa kutoka ndani, zunguka."

Akafuata mama mwingine wa Mafinga. Wa mwisho akaja Ngolo na fimbo yake, maana mwenyeji wake Adrian alikuwa amekwenda kulala na kichwa kinamuuma.

"Gari hili," mzee akasema, amejikunja kati ya akina mama wawili, huku Verediana amebanwa mlangoni, "nimelinunua leo kwa ng'ombe watano."

"Ndiyo, babu," Mercy akajibu kutoka mbele bila kugeuka.

"Na sasa nalipia nauli."

"Elfu ishirini mpaka Chimala. Babu, lipa kabla ya kituo cha mafuta."

Ngolo akalipa. Kutoka Iringa mpaka Makambako, kila baada ya nusu saa, alisema, "Hebu nielezeni tena," na akina mama wakamweleza tena, na kila mara walipofika katikati mmoja wao alicheka akashindwa kuendelea. Makambako wakapanda wengine wawili. Walipoanza kuuona ukingo wa safu ya Kipengere, Gerson akamtafuta mkewe kwenye kioo.

"Nisamehe, Mama Tumpe."

"Endesha."

"Kule hawatatusahau. Watatuita wachoyo mpaka tufe."

"Kesho saa moja na nusu mtoto awe darasani. Endesha, Baba Tumpe."

Jumatatu, saa moja na dakika ishirini, gari la rangi ya fedha lilisimama mbele ya geti la shule. Mlinzi alitoka kibandani amejifunika blanketi, daftari la wageni mkononi, akalizunguka gari akiandika namba. Akachungulia ndani. Mzee wa suti alikuwa kwenye usukani. Mtoto wa sare mpya alikaa wima pembeni yake, na bibi alikaa nyuma na mkoba.

"Wageni mnatokea wapi, na mnamwona nani?"

"Sisi siyo wageni," Verediana akasema. "Utatuona kesho, na keshokutwa, mpaka utuchoke."

Mlinzi akamtazama mtoto, na mtoto akamwambia shikamoo. Akafunika daftari, akalibana kwapani, akaenda kufungua geti, mabawa yote mawili.